Je, wajua kwa nini taa ya kebo huwaka ilhali boksi la TV halina intaneti?

Stima imepotea Kondele, mtaa wa Kisumu, imerudi, na watoto wanataka katuni. Runinga inawaka, boksi linawaka, na kitaa cha kijani pale kebo ilipochomekwa kinamemetameta. Lakini programu ya filamu inasisitiza kwamba hakuna intaneti, huku simu iliyo kwenye Wi-Fi ya ruta hiyohiyo, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, ikifungua kila kitu. Wengi hapo huilaumu kebo, wakaenda kununua nyingine mjini Kisumu, wakarudi na kukuta tatizo liko palepale.

Kitaa kile kina ushahidi mdogo sana. Kinathibitisha tu kwamba ruta na boksi vinasikizana kwa umeme kupitia waya. Hata kabla data yoyote haijapita, vifaa hivyo viwili hutumiana mipigo mifupi ya umeme, kila baada ya milisekunde 16 hivi, ili kila kimoja kijue kuwa mwenzake yupo na wakubaliane kasi. Baada ya hapo boksi bado linahitaji anwani kutoka kwa ruta, seva ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, na saa iliyo sahihi. Kimoja kikikosekana, filamu haichezi na taa inaendelea kuwaka.

Tuanze na anwani, maana stima ya kukatika na kurudi huivuruga mara nyingi. Ruta ya nyumbani humgawia kila mwombaji namba, kwa kawaida inayoanza na 192.168. Umeme ukirudi, vifaa vyote huwashwa kwa pamoja lakini haviamki kwa kasi moja. Ruta hupakia programu yake kwanza, kisha ile ya faiba, yaani inayopata intaneti kwa waya wa kioo, hulazimika kujitambulisha kwa mtambo wa kampuni ya intaneti, na dakika mbili tatu zikipita si ajabu. Boksi likiwahi kuomba anwani na lisijibiwe, huenda likabaki mikono mitupu. Fungua mipangilio ya mtandao uone: anwani ikiwa tupu, au ikianza na 169.254, ambayo ni namba kifaa hujipa chenyewe kikikosa wa kukipa, chomoa boksi pekee, iache ruta itulie, kisha uchomeke tena. Ukiona 192.168, kebo imeshafanya kazi yake, usiiguse.

Majina ya tovuti sitayakalia sana. Ikiwa anwani ipo na bado hakuna kinachofunguka, jaribu kuandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye nafasi ya DNS, yaani ile seva ya kugeuza majina, zote zikiwa huduma za bure za kutafsiri majina. Na kama simu nayo imegoma, angalia kwanza kama malipo ya mwezi yameisha. Bando ikiisha, kebo, anwani na taa hubaki vizima kabisa.

Saa ndiyo ningependa kila mwenye boksi aijue, kwa sababu ni wachache mno wanaoishuku. Maboksi mengi ya bei nafuu hayana betri ya kutunza saa. Yakichomolewa husahau tarehe, na yakiwashwa huanzia siku ya kiwandani au hata 1 Januari 1970, tarehe ambayo mifumo mingi ya kompyuta huanzia kuhesabu muda. Sasa, kila programu inapoita seva yake, seva hutoa cheti cha kidijitali kuonyesha kwamba ni yenyewe kweli, si tapeli aliyejipenyeza katikati. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kuisha. Boksi linaloamini tuko mwaka 1970 linaletewa cheti kitakachoanza kutumika zaidi ya nusu karne baadaye, na linakikataa. Linafanya vyema kukikataa, kwani kinga hiyohiyo ndiyo inayolinda nenosiri lako. Ubaya ni kwamba ujumbe unaotokea kwenye kioo hautaji saa hata kidogo, unasema tu mtandao umekosekana.

Kwa kawaida boksi huuliza saa kwenye intaneti, kwa utaratibu ulioasisiwa miaka ya 1980 na Mmarekani David Mills. Likiuliza kabla ruta haijafika hewani, hukosa jibu, na linaweza kukaa muda mrefu kabla ya kuuliza tena. Dawa yake haigharimu hata shilingi: nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima uwekaji wa kiotomatiki, andika tarehe ya leo, chagua ukanda wa saa wa Nairobi, kisha ufungue programu upya. Ikicheza, rudisha otomatiki.

Kuna wakati kosa huwa la kebo kweli. Ndani yake mna waya nane zilizosokotwa jozi nne. Tundu la kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, ambalo ndilo lililo kwenye maboksi mengi, hutumia jozi mbili tu, pini za 1 na 2 pamoja na 3 na 6. (Kasi hiyo inatosha: Netflix hupendekeza megabiti 15 kwa picha ya 4K.) Kosa ninaloliona baya zaidi ni fundi kupanga rangi jozi kwa jozi, kwa sababu inapendeza macho. Kipimo chake kitawasha taa zote nane, naye ataondoka akiamini kazi ni safi, kumbe pini ya 3 na ya 6 zimetoka kwenye jozi mbili tofauti. Msokoto ndio unaozuia waya kuchafuliana mawimbi, mbinu ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881. Kebo fupi itavumilia, lakini ile inayotoka ghorofani hadi sebuleni itapoteza data na picha itagandaganda. Chungulia kwenye plastiki angavu ya kichwa cha kebo. Mpangilio unaotumika sana ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, sawasawa pande zote mbili.

Taa isipowaka kabisa, hata kwa kebo nzima, mshuku radi. Ukanda huu wa ziwa, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kisii, hupata ngurumo nyingi. Waya wa faiba ni kioo na haupitishi umeme, ila adapta ya ruta na kebo ya shaba kuelekea kwenye runinga huupitisha vizuri sana. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa adapta na kebo pia, si swichi ya ukutani peke yake. Na tundu likishaungua, usitupe boksi. Mara nyingi Wi-Fi yake bado ni nzima, na adapta ndogo ya USB yenye tundu la kebo inaweza kulirudisha kwenye waya, mradi boksi liwe linaitambua. Muulize muuzaji akujaribishie kabla hujalipa.