Club Penguin: yanayosemwa Bukavu na yaliyotokea kweli

Mchezo wa pengwini wa rangi zote, wenye nyumba za barafu na kofia za kila namna, ulizimwa mwaka 2017, lakini hapa Bukavu bado unazungumzwa. Vijana wa Ibanda walioucheza utotoni wanausimulia kwa mapenzi, na wadogo zao wanausaka kwenye simu. Humo katika masimulizi yamechanganyika mengi yasiyo ya kweli. Mengine hayamdhuru mtu. Moja linaweza kumdhuru mtoto, na ndilo lililonifanya niandike.

"Ni mchezo wa Disney."

Disney ilimkuta mtoto ameshatembea. Mchezo ulizaliwa Kelowna, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, kazi ya Lance Priebe, Lane Merrifield na Dave Krysko. Priebe alikuwa akijaribu michezo ya pengwini mtandaoni tangu mwaka 2000. Club Penguin yenyewe ilifunguliwa Oktoba 2005. Waanzilishi walitaka mahali ambapo watoto, wakiwemo watoto wao wenyewe, wangecheza bila kuwindwa na matangazo wala na watu wazima wenye nia mbaya. Agosti 2007 Disney iliununua kwa dola milioni 350, ikaahidi hadi milioni 350 nyingine iwapo malengo ya faida yangetimia. Hayakutimia.

"Ulikuwa wa bure."

Kuingia, kuchati na kuchuma sarafu, ndiyo, bure. Nguo nyingi na fanicha za nyumba zilihitaji uanachama wa karibu dola 6 kwa mwezi. Ndiyo maana wengi wa huku waliocheza bila kulipa wanakumbuka nyumba tupu. Uonevu haukuwepo hapo: ada hiyo ndiyo iliyofanya mchezo uweze kuishi bila matangazo.

"Flash ndiyo iliyouua."

Flash ni programu ya kampuni ya Adobe iliyouendesha mchezo huu kwenye kompyuta. Tarehe zinakataa. Club Penguin ilizimwa mwishoni mwa Machi 2017. Adobe ilitangaza Julai mwaka huohuo kwamba itaachana na Flash, na ikaachana nayo mwishoni mwa 2020. Ni kweli Flash haikufanya kazi kwenye iPhone, na watoto walikuwa wamehamia kwenye simu, kwa hiyo idadi ya wachezaji ilishuka. Lakini uamuzi wa kufunga ulikuwa wa Disney, iliyotaka nafasi hiyo ichukuliwe na mchezo mpya wa simu, Club Penguin Island. Huo nao ulizimwa Desemba 2018, hata miaka miwili haujafikisha.

"Lile jabali la barafu halikupinduka kamwe."

Lilipinduka. Ndani ya mchezo kulikuwa na jabali la barafu linaloelea; kwa miaka mingi watoto walijazana upande wake mmoja wakicheza dansi ili uzito wao uliangushe, na likagoma. Katika siku za mwisho kabla ya kufungwa, wenye mchezo waliliachia. Nawapongeza kwa hilo.

"Mchezo uliofungwa hauna mwenyewe, na huu wa mashabiki ni uleule."

Hapa ndipo penye hatari. Kuzima seva hakufuti hakimiliki. Club Penguin Rewritten, nakala iliyojengwa na mashabiki na kufunguliwa mwaka 2017, ilifikisha mamilioni ya akaunti. Aprili 2022 ikafungwa: tovuti yake ikaonyesha tangazo la polisi wa City of London, Uingereza, na watu watatu wakakamatwa kwa tuhuma za kuvunja hakimiliki.

Kufanana sura nako hakutoshi. Mchezo wa awali ulikuwa na kichujio cha maneno, wasimamizi waliolipwa kwa kazi hiyo, na namna ya kuchati ambayo mtoto huchagua sentensi zilizoandikwa tayari. Mashabiki waliweza kunakili picha na muziki. Ulinzi wa aina hiyo unadai pesa na watu kila siku. Mei 2020, BBC ilipochunguza nakala nyingine, Club Penguin Online, ilikuta matusi ya ubaguzi wa rangi na mazungumzo ya ngono mahali palipojaa watoto. Disney ikaamuru ifungwe. Rewritten nayo iliibiwa data mara mbili: zaidi ya akaunti milioni 1.6 mwaka 2018, na karibu milioni 4 mwaka 2019.

Kwa hiyo mama au kaka mkubwa wa Kadutu anayemwachia mdogo wake simu ajue anachokabidhi. Mtoto asitumie jina lake halisi, asitaje shule wala mtaa, na neno la siri lisiwe lile la barua pepe ya nyumbani. Kaa naye akisoma maneno anayoandikiwa. Pengwini aliye mbele yake anaweza kuwa na miaka 40.

"Basi kazi yote ya mashabiki ni wizi na balaa."

Hili nalo silikubali. Disney ilipozima Toontown Online, mchezo wake mwingine wa mtandaoni, tarehe 19 Septemba 2013, mashabiki waliujenga upya kwa jina la Toontown Rewritten. Hawauzi uanachama, hawaweki matangazo, na wanasema waziwazi kwamba hawahusiani na Disney. Watu wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea wanastahili heshima. Leseni bado hawana, na mwenye mali anaweza kubadili mawazo siku yoyote. Lakini mchezo wao umeshaishi miaka mingi kuliko Club Penguin Island ya Disney yenyewe.