Bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa udongo mwekundu

Ukiingia Msitu wa Arabuko-Sokoke kutoka Gede, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kisha ukaelekea magharibi, utakanyaga udongo wa aina tatu. Kwanza ni mchanga wa kijivu wenye miti mchanganyiko: mbambakofi, msandarusi na mingine mingi. Baadaye mchanga huwa mweupe, miti ikaachana na jua likafika chini. Hayo ni makao ya mrihi. Mwishowe ardhi hugeuka nyekundu. Huko mti unaotawala ni mfunda, ambao kitaalamu huitwa Cynometra webberi, na vichaka vyake hufungamana hata mtu asione hatua chache mbele yake. Katika msitu huu mzima, bundi mdogo wa Sokoke huishi kwenye sehemu hiyo ya tatu.

Ni vyema kulielewa hilo mapema, maana huyu si ndege wa msitu wote. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Sehemu ya mfunda ni zaidi kidogo ya nusu. Mvua nayo hupungua kadiri unavyokwenda: kutoka karibu milimita 1000 kwa mwaka upande wa mashariki hadi kama 600 kaskazini magharibi. Kwa hiyo bundi huyu amechagua upande mkavu, wenye vichaka, usiomvutia mtu anayetafuta msitu wenye vigogo vinene na kivuli baridi. Wageni wengi hupita pale wakidhani wameona msitu uliochoka. Kwa macho ya bundi, hakuna mahali pazuri zaidi.

Ni miongoni mwa bundi wadogo kabisa barani. Urefu wake ni sentimita 16 hadi 18, na uzito wake ni takriban gramu 50, sawa na yai la kuku. Macho ni ya manjano hafifu. Juu ya kichwa ana vishungi viwili ambavyo watu hudhani ni masikio, kumbe ni manyoya tu. Masikio yenyewe ni matundu yaliyofichika pembeni mwa uso. Vishungi vina kazi yake. Akihisi hatari huvisimamisha, hujinyoosha mwili ukawa mwembamba, hufumba macho yakabaki kama mstari, na papo hapo anafanana na kipande cha tawi kavu. Unaweza kuwa umesimama mbele yake, mwongozaji anakuonyesha kwa kidole, nawe bado unauliza yuko wapi.

Macho ya bundi hayazunguki ndani ya kichwa kama yetu. Akitaka kutazama upande lazima ageuze kichwa, na shingo yake yenye pingili 14, mara mbili ya zetu, humwezesha kukigeuza hadi nyuzi 270. Wengi huona jambo hilo la kutisha. Mimi naliona kuwa njia ya ajabu ya ndege aliyejaliwa macho makubwa kupita nafasi ya fuvu lake.

Bundi hawa wana rangi tatu. Wapo wekundu wa kutu, wapo wa kijivu, na wapo wa kahawia iliyokolea. Rangi hiyo ndege huzaliwa nayo. Haibadiliki kwa msimu wala haitofautishi dume na jike. Nalitaja kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote: mtu amepiga picha ya bundi mwekundu leo, kesho amekutana na wa kijivu, anadhani amepata spishi mbili. Ni ndege yuleyule.

Ingawa anaishi mwendo mfupi tu kutoka barabara kuu na fukwe za Watamu, wanasayansi hawakumtambua hadi mwaka 1965. Mwaka uliofuata S. Dillon Ripley, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani aliyekuwa akiongoza Taasisi ya Smithsonian, alichapisha maelezo yake na kumpa jina Otus ireneae, kwa heshima ya Irene Morden. Kuchelewa huko hakushangazi. Mchana kutwa ndege huyu yuko kimya. Dume na jike hukaa pamoja, mara nyingi bega kwa bega, kwenye kichaka kinene na si juu sana kutoka ardhini. Hawaruki ovyo, humwacha mtu apite. Waongozaji wa msitu, ambao wengi ni watu wa vijiji vya jirani, huwapata kwa kujua vichaka wanavyovipenda na kuvikagua kimoja kimoja kwa subira. Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote, na watafiti wameutegemea sana.

Giza likiingia ndipo wanapojitangaza. Mlio wao ni noti moja nyembamba inayorudiwa kwa mfululizo, kwa mwendo usiobadilika, kisha kimya, kisha tena. Ukiusikia kwa mara ya kwanza utadhani ni kitororo, yule ndege mdogo anayelia mchana kutwa kama anagonga chuma kidogo, ila kitororo hulala jua linapozama. Kuna ndugu yake wa karibu, bundi mdogo wa Afrika, anayepatikana katika misitu ya wazi na nyika za sehemu nyingi za bara, na ambaye hukaa upande wa mrihi. Yeye hutoa mkoromo mfupi mmoja, akanyamaza kwa sekunde kadhaa, akarudia. Masikio yaliyozoea huwatenganisha hawa wawili kwa urahisi kuliko macho.

Chakula chao ni wadudu: nyenje, panzi, vunjajungu, mbawakawa na wengineo wanaotambaa usiku juu ya majani na matawi. Bundi hukaa kimya kwenye tawi, akasikiliza na kutazama, kisha akashuka kwa ghafla na kumdaka mdudu kwa kucha. Magamba na miguu migumu isiyosagika tumboni huitapika baadaye kama kitonge kidogo kikavu. Mtafiti akikiokota kitonge hicho na kukichambua, anajua ndege amekula nini bila kumgusa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua. Bundi wa jamii hii hawajengi kiota. Jike hutaga ndani ya tundu la mti, ama lililotobolewa na kigong'ota likaachwa, ama lililotokea tawi lilipovunjika na shina likaoza ndani. Mti mchanga hauna matundu. Unaohitajika ni mti wenye umri, ulioishi miaka mingi, ukapata majeraha, ukatoboka ndani. Kwenye udongo mwekundu miti ya namna hiyo ni mfunda mkubwa na muhugu, na yote miwili hukua polepole sana. Tena bundi hana haki ya peke yake juu ya tundu: nyuki, komba na ndege wengine nao wanalitafuta.

Muhugu ndio uliopata shida kubwa. Mbao yake ni ngumu, nzito, yenye mng'aro na harufu nzuri, na kwa miongo mingi imekuwa kipenzi cha wachongaji wa vinyago nchini Kenya. Waliokwenda kuutafuta porini hawakuhitaji kufyeka. Waliingia, wakachagua shina moja hapa na jingine kule, wakatoka. Mfunda nao ulikatwa. Ukitazama picha iliyopigwa kutoka angani baada ya kazi hiyo, utaona kijani kilekile, na mipaka ya hifadhi iko palepale. Lakini hesabu za bundi zinasema habari nyingine. Mwaka 1993 sehemu ya mfunda ilikadiriwa kuwa na jozi zipatazo elfu moja. Hesabu iliporudiwa mwaka 2008, jozi zilikuwa karibu 800. Katika miaka 15, zaidi ya asilimia 20 ya ndege walikuwa wametoweka ndani ya msitu ambao haukupoteza hekta zake, na watafiti walielekeza kidole kwenye ukataji haramu wa miti hiyo miwili.

Naomba msomaji alitafakari hilo. Tumezoea kupima uhifadhi kwa ukubwa wa eneo: hekta kadhaa ziko salama, kwa hiyo wanyama wako salama. Kwa ndege anayehitaji mti mkongwe wenye tundu, kipimo hicho hakitoshi hata kidogo. Msitu unaweza kubaki mzima kwenye ramani huku vyumba vyake vya kuzalia vikitolewa kimoja kimoja kwa msumeno. Na ukipanda mche wa muhugu leo, wajukuu wako ndio watakaouona ukiwa mti wa maana. Ndiyo maana siamini kwamba kupanda miti peke yake kutamwokoa bundi huyu. Kinachomwokoa kwanza ni kuacha ile iliyosimama, pamoja na ile iliyopinda, iliyooza na iliyo na mapango, ambayo mtu wa mbao angeiita mibovu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa hayupo mahali pengine popote duniani. Kisha mwaka 1992 alipatikana Tanzania, katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, zaidi ya kilomita 200 kutoka Sokoke. Misitu hiyo ina unyevu zaidi kuliko Sokoke, lakini nayo imekatwa vipande vipande na mashamba. Ugunduzi huo ulileta faraja, ila haukubadili hali yake: kimataifa bado ameorodheshwa kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka.

Tofauti inaonekana ukimlinganisha na ndugu yake wa Pemba. Bundi wa Pemba anaishi kisiwa kimoja tu, ila pamoja na misitu kama Ngezi, anakaa pia kwenye mashamba ya mikarafuu yenye miti mikubwa. Amejifunza kuishi na watu. Wa Sokoke hajafanya hivyo. Hatokei minazini, hatokei mikoroshoni, hatokei kwenye viunga vya miji.

Hapo ndipo ninapopenda kuzungumza na wale wanaomwogopa. Pwani na bara, watu wengi huamini kwamba bundi akilia juu ya paa analeta habari ya msiba, na bundi wengi wameuawa kwa mawe kwa sababu hiyo. Bundi anayekaa juu ya nyumba au darini kwa kawaida ni wa aina nyingine, mkubwa zaidi, aliyekuja kufuata panya waliofuata nafaka. Huyo anastahili kuachwa, kwani anakulindia mazao. Bundi wa Sokoke hajawahi kuwa na paa la kulilia. Yeye ni mla nyenje wa vichakani, na usiku wake wote hauhusiani na binadamu yeyote.

Nafuu ipo. Wachongaji wengi wamehamia kwenye mwarobaini, mwembe na mijakaranda, miti inayokua haraka na inayopandwa nyumbani. Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, huwalipa wakulima wa pembezoni mwa msitu kwa kufuga viwavi vya vipepeo hadi wageuke pupa, ambao huuzwa ng'ambo, na vipepeo hao hawapatikani bila mimea ya msitu. Waongozaji nao hulipwa na wageni wanaosafiri kutoka mbali kuja kumwona bundi mwenye uzito wa gramu 50.

Ukienda kumtazama, nenda na mwongozaji wa msitu huo. Usipige mlio wake kwa simu ili umvute: dume atadhani mpinzani ameingia katika eneo lake, aache kuwinda, azunguke akitafuta adui ambaye hayupo, na wakati wa kulea makinda usiku kama huo ni hasara kubwa. Usimmulike usoni kwa tochi kali, wala usivunje matawi ya kichaka anacholala ili upate picha safi. Dakika chache zinatosha, kisha ondoka kwa njia uliyoijia.

Na ukinunua kinyago, muulize mchongaji ametumia mti gani. Mwarobaini ni mbao nzuri na wenye kuchonga wanajua kuusifu. Mkaazi wa Jilore, Gede au kijiji kingine cha jirani akikuta kisiki kibichi cha muhugu au mfunda, apeleke habari kwa kituo cha Huduma ya Misitu ya Kenya kilicho karibu naye, aeleze ni wapi na lini. Kwenye udongo mwekundu kisiki kimoja ni habari kubwa, hata kama miti iliyokizunguka bado imesimama.