Jenereta ya gari-nyumba kama umeme wa akiba nyumbani

Gari-nyumba ni lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo, ambalo Wamarekani wengi husafiria likizoni. Mengi yana jenereta iliyofungwa humo humo. Umeme ukikatika siku kadhaa baada ya kimbunga, mwenye gari huwaza kuiwasha ili nyumba ipate umeme. Inawezekana, ila kwa mipaka.

Jenereta ya wati 4,000 ni ya kawaida kwenye magari haya. Inamudu friji, taa na chaja za simu. Hita ya maji na kiyoyozi kikuu sahau: hivyo kwa kawaida hutaka volti 240, na jenereta nyingi za namna hii hutoa 120 tu.

Jambo zito ni namna ya kuunganisha. Njia nyepesi ni kuvuta ekstensheni nene kutoka soketi za gari hadi kwenye friji. Ukitaka kulisha nyaya za nyumba yenyewe, fundi umeme mwenye leseni akufungie chenjiova, swichi inayoruhusu chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja: gridi au jenereta, kamwe si vyote viwili.

Wapo wanaoikwepa gharama hiyo kwa kutengeneza kebo yenye plagi pande zote mbili na kuichomeka kwenye soketi ya ukutani. Tafadhali usifanye hivyo. Umeme hupita kwenye mita na kutoka hadi kwenye transfoma ya mtaani, nayo, iliyozoea kushusha maelfu ya volti, sasa inazipandisha. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini laini imekufa, anaweza kuuawa na jenereta yako. Hata wewe u hatarini: plagi ikichomoka, vyuma vyake vina umeme, na mtoto anaweza kuvishika.

Kuna pia moshi. Kaboni monoksidi haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Egesha gari angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, ekzosi ikielekea mbali na nyumba, na king'ora cha gesi hiyo kiwe kinafanya kazi ndani.

Kuhusu mafuta, jenereta ya petroli ya ukubwa huo hula takriban lita 2 kwa saa ikibeba nusu ya mzigo. Kwa kawaida hunyonya kutoka tangi la gari lenyewe, na bomba lake halifiki hadi chini kabisa ya tangi hilo. Mafuta yakibaki kama robo, jenereta huzima, ili gari liweze kwenda kutafuta mengine.