Je, wajua kwa nini Malindi na Lamu hatuna treni mpaka mtu ashuke Mombasa?

Hili swali huulizwa sana huku Malindi ikifika likizo, mtu anataka kwenda Nairobi na treni lakini kwanza apande matatu kilomita kama 120 ndio aione stesheni. Wa Lamu ndio kabisaa, boti mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, Malindi, na bado Mombasa iko mbele. Mbona reli haikupita huku na hii miji yetu ni ya zamani hivi?

Ukweli ni kwamba Mwingereza hakujenga reli kwa ajili ya watu wa Pwani. Shida yake ilikuwa Uganda, mizigo ilikuwa inabebwa na wapagazi kwa miguu toka Pwani hadi ziwani na gharama ilikuwa inamuumiza, ndio maana ikaitwa Reli ya Uganda ingawa njia yote toka Mombasa mpaka Kisumu leo iko Kenya. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899, na 1901 ukagusa Ziwa Victoria. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka India, elfu thelathini na zaidi, na wapatao 2,500 walifia kazini, na hao wasisahaulike kila tukizungumzia hii reli.

Sasa kwa nini Mombasa? Meli za mvuke zilitaka maji ya kina na Kilindini, bandari ya Mombasa, ilikuwa nayo, wakati Malindi maji ni haba na mto Sabaki unamwaga mchanga kila mvua ikinyesha. Lamu ilikuwa na kina pale Manda, hilo halikuwa tatizo, lakini IBEA, kampuni ya Waingereza iliyoendesha mambo kabla ya serikali ilikuwa na makao yake Mombasa, na wapima njia waliotumwa 1891 walianzia hapo hapo. Tena reli ya kupanda kaskazini ingekutana na mkono wa bahari Mtwapa, halafu Kilifi, na Kilifi yenyewe watu walivuka kwa feri mpaka daraja lilipofunguliwa 1991! (Ile kampuni ya IBEA ilishajaribu kareli kembamba Mombasa 1890, ikaachwa baada ya maili chache, vyuma vikaishia kuwa njia ya vitroli vya kusukumwa na watu mitaani.)

Basi stesheni ya Mombasa mjini ikawa ndio stesheni yetu sote wa Pwani. Treni ya usiku ilikuwa inatoka jioni inaingia Nairobi asubuhi, daraja la kwanza vitanda viwili chumba kimoja, la pili vinne, la tatu unakaa kwenye kiti hadi kuche, na kulikuwa na behewa la kulia chakula. Uzuri wake ni kwamba ilikuwa katikati ya mji, ukishuka na matatu ya Malindi huendi mbali. Miaka ya mwisho ilichelewa sana, reli yenyewe ilikuwa imechoka, na 2017 safari hizo zikakoma reli mpya ya SGR ilipoanza.

SGR ina upana wa milimita 1,435, ile ya zamani ni 1,000, kwa hiyo treni mpya haiwezi kupita reli ya zamani kuingia mjini, na kisiwa kimejaa nyumba, stesheni ikawekwa Miritini bara. Nairobi sasa ni masaa kama matano, safi kabisa, ila kwetu imeongeza gari la pili la kutoka mjini hadi Miritini, na hilo mimi naona wapangaji hawakutufikiria.

Reli ya Lamu imo kwenye mpango wa LAPSSET (wa bandari, barabara na reli za kutoka Lamu) uliozinduliwa 2012, ya kwenda Isiolo halafu Ethiopia na Sudan Kusini. Bandari ya Lamu ilianza kazi 2021, reli bado haijajengwa. Kwa sasa ukitoka Malindi au Kilifi na hutaki foleni za Mombasa, kata kona Mavueni upite Kaloleni mpaka Mariakani, treni ya vituo vyote inasimama pale.