Enzi: neno moja, maana tatu

Mwalimu akisema "enzi za Mkwawa", yule mtawala wa Wahehe, mwanafunzi wa Iringa huelewa "zamani zile". Hajakosea, ila ameiruka maana ya kwanza.

Enzi ni utawala usio na wa juu yake. Mwenye enzi akishaamua, hakuna wa kumtengulia neno. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya nguvu na utukufu, na ndilo tulilonalo katika "kiti cha enzi". Hata Mwenyezi ni "mwenye enzi", ulimi umelifupisha tu.

Mkwawa alikuwa nayo. Wahehe walimwita mtwa, yaani mtawala, na jina lenyewe ni kifupi cha Mkwavinyika, hufasiriwa kuwa mtekaji wa nchi nyingi. Agosti 1891 alikivunja kikosi cha Kijerumani cha Zelewski pale Lugalo. Oktoba 1894 Wajerumani wakaiteka ngome yake ya Kalenga. Yeye hawakumpata, alipigana porini hadi Julai 1898 alipojiua asishikwe. Lakini enzi ilianza kumtoka siku ile ya Kalenga, maana baadaye amri iliyosikika Uhehe ikawa ya mwingine.

Hapa watu wengi huchanganya enzi na madaraka. Mjukuu wake, Adam Sapi, alikuwa chifu wa Wahehe chini ya Mwingereza. Cheo alikuwa nacho na heshima pia, ila juu yake alikaa gavana. Hayo ni madaraka: unapewa, unaweza kunyang'anywa. Mwaka 1963 uchifu wenyewe ukafutwa kwa sheria. Siku hizi Katiba ya Tanzania, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Neno enzi haikulitumia hapo, nami naona lingefaa.

Maana ya wakati ilizaliwa kwa sababu miaka ilitajwa kwa mtawala wake: enzi za Mjerumani, enzi za Mwingereza. Sasa tunasema hata "enzi za simu za mezani", ingawa sijui nani alitawala hapo.

Kisha kuna kitenzi, kuenzi, yaani kutukuza na kutunza kumbukumbu. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limewekwa kwenye makumbusho ya Kalenga, palepale enzi ilipoanza kumtoka. Wanaokwenda kulitazama husema wamekwenda kumuenzi.