Pointi za majaji kwenye ngumi hazijumlishwi

Pambano kubwa la ngumi likimalizika bila mtu kulala chini, hawakosekani wanaochukua kadi tatu za majaji, wakazijumlisha, kisha wakauliza kwa nini mwenye pointi nyingi hakutangazwa mshindi. Hesabu hiyo haipo kwenye ngumi.

Kadi ni hesabu ya jaji mmoja. Kila raundi mshindi anapata 10 na mwenzake 9; akiangushwa, kwa kawaida anapata 8. Raundi 12 zikiisha, jaji anajumlisha kadi yake, na kujumlisha kunakomea hapo. Kuanzia hapo kadi ni kura moja: ya huyu, ya yule, au ya sare. Mbunge aliyeshinda jimbo kwa kura elfu hamsini na aliyeshinda kwa kura kumi wote wana kiti kimoja bungeni. Vivyo hivyo kadi ya 118-110 na ya 115-113.

Mfano ninaoupenda ni pambano la Canelo Álvarez na bingwa Gennady Golovkin, Las Vegas, 16 Septemba 2017. Jaji Dave Moretti alimpa Golovkin 115-113. Don Trella aliandika 114-114. Adalaide Byrd akampa Canelo 118-110, yaani raundi 10 kwa 2, na dunia nzima ya ngumi ikamjia juu. Ukijumlisha kadi zote, Canelo ana 345 na Golovkin 339. Lakini matokeo yalikuwa sare: kura moja huku, moja kule, na ya tatu haina mwenyewe. Mikanda ya ubingwa wa dunia ya mashirika ya WBA, WBC na IBF ikabaki kwa Golovkin, maana sare haimvui bingwa mkanda.

Tazama pia neno sare lilivyobeba mambo hapo. Wengi hudhani majaji waliwaona mabondia wako sawa. Ni Trella peke yake aliyeona hivyo. Wenzake wawili waliona mshindi, ila kila mmoja wa kwake.

Sasa kadi ya Byrd. Ilikuwa mbovu, na sioni namna ya kuitetea, kwa sababu pambano lile halikuwa la raundi 10 kwa 2. Ila ukubwa wa pengo lake haukubadilisha chochote. Angempa Canelo 115-113, bado ni sare. Hata angeandika 114-114, bado ni sare, kwa kuwa Golovkin angekuwa na kura moja tu kati ya tatu. Ili kura yake imfae Golovkin, ilibidi Byrd amwone kashinda raundi 7, si 2.

Kadi iliyokuwa karibu zaidi kugeuza usiku ule ni ile ambayo watu hawaigusi. Raundi ya 7, Moretti alimpa Golovkin. Byrd naye, pamoja na yote, alimpa Golovkin. Trella akampa Canelo. Angeiandika kama wenzake, kadi yake ingesomeka 115-113 na Golovkin angeshinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Kwa hiyo ndugu yangu, ukimsikia mtu anasema zile 118 ndizo zilizomponza Golovkin, muoneshe kwa upole hiyo raundi ya 7.