Mgonjwa wa kiharusi anasimama vizuri hospitalini, mbona akitoka nje anayumba? Kazi ya miwani ya VR kwenye kupima

Ndugu wa wagonjwa wanatuuliza sana hili swali, mbona mlimpima akasimama vizuri tu, akatembea, mkamruhusu, afu amefika sehemu yenye watu wengi akaanza kuyumba kama anataka kudondoka? Ni swali la maana sana na mara nyingi jibu lake liko machoni.

Mwili unasimama wima kwa taarifa za sehemu tatu: macho yanayoona ukuta na sakafu viko wapi, sikio la ndani linalohisi kichwa kikiinama au kugeuka, na nyayo pamoja na maungio ya miguu yanayohisi uzito umeegemea wapi. Ubongo unazijumlisha zote bila wewe kujua. Sasa kiharusi kikishapita, mguu mmoja unaweza kubaki na ganzi, taarifa zake hazifiki sawasawa, basi ubongo unaanza kuyategemea macho kupita kawaida, yaani macho ndo yanakuwa mkongojo. Kwenye chumba chetu cha mazoezi kuta zimetulia na taa inawaka kwa hiyo mgonjwa anasimama, lakini akitoka nje magari yanapita, watu wanapita, milango inafunguka, na ule mkongojo unayumba naye.

Vipimo vya siku zote ni vizuri na tunaendelea navyo. Kipimo cha Berg, kinachoangalia mtu anavyoweza kusimama na kujigeuza bila kuyumba, kina kazi 14, kila moja alama 0 mpaka 4, jumla 56. Kuna kile cha kunyanyuka kwenye kiti, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa huku tunahesabu sekunde. Shida ni kwamba mtu anaweza kupata karibu alama zote za Berg na bado akaanguka, manake vinapima mwili sehemu iliyotulia, na vinatuambia anayumba ila haviwezi kutuambia vizuri anayumba kwa sababu gani.

Hapo ndo VR inapoingia, hiyo teknolojia ya uhalisia pepe ambayo wengi mnaijua kwenye magemu. Mgonjwa anavua viatu, anasimama juu ya ubao wenye sensa zinazosoma uzito uko mguu gani, anafungwa mkanda wa usalama ulioshikiliwa juu, mtaalamu anasimama upande wake ule dhaifu, ndo anavalishwa miwani. Mwanzo anaona chumba cha kawaida kimetulia. Afu chumba kinaanza kusogea taratibu mbele na nyuma, wakati sakafu anayoikanyaga haijasogea hata kidogo. Mtu mwenye afya anayumba kidogo halafu ubongo unashtuka kwamba macho yanadanganya, unarudi kuisikiliza miguu. Anayetegemea macho anakifuata chumba. Ukimwangalia miguuni utaona vidole vya mguu usio na shida vimejikunja kung'ang'ania ubao, ule mwingine umetulia kama haupo, mkono unatafuta pa kushika, na kwenye kompyuta tunaona uzito wote umekimbilia upande mmoja. Mimi kila nikiona hivyo naelewa kwa nini huyu mtu alikuwa anakataa kutoka nje, na wala hakuwa mvivu kama alivyoambiwa.

Wazo lenyewe sio jipya. Mwaka 1974 watafiti Lee na Aronson walitumia chumba ambacho kuta zake zinasogea huku sakafu imetulia, na watoto waliokuwa ndo kwanza wanajifunza kusimama wakayumba, wengine wakaanguka. Miwani inafanya jambo hilohilo bila kujenga chumba, na tunaweza kuweka barabara, korido yenye watu, au kitu kinachokuja kutoka kushoto. Hicho cha kushoto ni muhimu sana kwa aliyeumia ubongo upande wa kulia, maana wapo ambao ubongo wao unausahau kabisa upande wa kushoto na wenyewe hawajui.

Sio kila mtu anafaa. Mwenye degedege isiyodhibitiwa, mwenye kizunguzungu kikali au aliyechanganyikiwa tunamwacha kwanza, na hata anayefaa tunaanza na muda mfupi, akisikia kichefuchefu tunavua miwani hapohapo. Naomba sana, msimvalishe mgonjwa miwani ya magemu nyumbani akiwa amesimama, haoni miguu yake, haoni meza, na hana mkanda. Pia VR haijachukua nafasi ya Berg, bado hakuna kiwango kimoja kilichokubalika kila mahali cha kusema huyu amepita huyu hajapita.

Faida yake kubwa ni kwenye mpango wa matibabu. Tukijua mtu anasimama kwa macho, tunamfundisha taratibu kuuamini mguu wake, na nyumbani tunawaambia taa ya njia ya chooni iwake usiku, na wakati wa kuoga akae kwenye kiti, kwa sababu akifumba macho sabuni isiingie, ule mkongojo umeondoka ghafla na sakafu imelowa.

Kwa hiyo mkimleta kupimwa msiseme tu anayumba. Tuambieni alikuwa wapi, ilikuwa gizani au kwenye mwanga, alikuwa anageuka au anaangalia juu, kuna kitu kilipita karibu yake, na aliangukia upande gani, sisi tutaanzia hapo kuchagua cha kumwonyesha kwenye miwani.